Siku mtaala wetu uliporudishwa

Mapema mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Idarani kwetu tulishangilia. Tangu Agosti 2019 Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na watu walikuwa wakimpigia simu mkuu wa idara kuulizia wakalimani. Tukaamua kuandika mtaala wa shahada ya awali ya tafsiri na ukalimani, na kazi ya kuuratibu nikapewa mimi.

Mtaala wa chuo kikuu haumalizwi na anayeuandika. Kwanza mnachunguza mahitaji, mnaita wadau, mnajadili idarani, mnaupeleka kwenye bodi ya kitivo. Ukitoka hapo unakwenda kamati ya Seneti ya masomo ya shahada za awali, kisha Seneti yenyewe, chombo kikuu cha taaluma chuoni, na mwisho Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo bila ithibati yake hamruhusiwi kudahili hata mwanafunzi mmoja. Kila ngazi inaweza kuurudisha, na hakuna mtu, hata Makamu Mkuu wa Chuo, anayeweza kuupitisha peke yake.

Idarani na kwenye bodi ya kitivo tulipita bila taabu. Wote tuliokuwemo tulikuwa watu wa lugha, tumesoma vitabu vilevile, tunacheka na kukasirikia mambo yaleyale. Siku ya kamati ya Seneti niliingia ukumbini na nakala zangu nikiwa na uhakika kabisa kwamba kufikia saa nane mchana tungekuwa tumemaliza.

Mkutubi ndiye aliyeanza. Alikuwa ameipitia orodha yetu ya vitabu vya rejea kwa penseli nyekundu, kitabu kwa kitabu. Akasoma kwa sauti: hiki tunacho nakala moja na jalada limeng'oka, hiki hatuna, hiki hatuna, hiki kiliazimwa na mwalimu fulani hakijarudi. Alipofika mwisho wa ukurasa aliweka penseli mezani akasema hawezi kutia saini kwamba vitabu vipo ilhali havipo. Hakuna aliyembishia. Wakaguzi wa TCU huingia maktaba wakaangalia rafu, na yeye ndiye angesimama mbele ya rafu hizo.

Kisha akaja Mkuu wa Kitivo cha Sheria. "Profesa Mwenyekiti," akasema, "humu ndani kuna kozi ya ukalimani wa mahakamani. Nimeitafuta sehemu inayomfundisha mwanafunzi huyo tofauti ya shauri la jinai na la madai, sijaiona. Atamkalimania nani kitu asichokijua?" Tuliitetea kozi yetu kwa muda mrefu, naye akaendelea kurudi palepale. Ninavyoona mimi, sehemu ya ubishi ule ilikuwa ya mipaka, kitivo kipi kifundishe nini na kihesabiwe wanafunzi wangapi. Lakini hoja yenyewe ilikuwa ya kweli. Mshtakiwa anaweza kufungwa au kuachiwa kwa neno moja la mkalimani.

Mwenyekiti, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, alikuwa karibu kufunga mjadala ndipo mwakilishi wa wanafunzi akanyoosha mkono. Alikuwa binti wa mwaka wa tatu, na tangu asubuhi hakuwa amesema kitu. Nakala yake ya mtaala ilikuwa imejaa vikaratasi vya rangi pembeni.

"Mwenyekiti, naomba radhi kwa walimu wangu," alianza. "Mtaala huu una ukalimani wa mikutano, wa mahakama na wa hospitali. Lugha ya alama sijaiona. Hapa chuoni tuna wenzetu viziwi. Wanakaa mbele, mwalimu anaongea, wao wanasubiri jioni waazime daftari. Chuo kinachoanzisha shahada ya ukalimani kisiwafikirie hao, kinamfikiria nani?"

Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Mwenyekiti akanigeukia. Nikamjibu yule binti kwa moyo mweupe kwamba jambo hilo tulilizungumza idarani, ila hatuna mwalimu hata mmoja wa lugha ya alama, na TCU haikubali kozi isiyo na mwalimu mwenye sifa. Ndivyo ilivyokuwa. Jina la mwalimu na sifa zake huandikwa ndani ya mtaala, si jambo la kuahidi baadaye.

Hapo Mkuu wa Kitivo cha Elimu akainua kichwa. "Lakini sisi tunaye," akasema. "Elimu maalumu. Anafundisha lugha ya alama kila muhula."

Jengo la Elimu liko ng'ambo ya uwanja wa mpira tu kutoka kwetu. Miaka yote ile tulikuwa tukiandika kwenye ripoti zetu kwamba chuo hakina mtaalamu wa lugha ya alama, kumbe anafundisha hatua chache kutoka tulipokuwa tukiyaandika hayo. Katika kikao cha idara au cha bodi ya kitivo chetu hakuna ambaye angeweza kutuambia. Nasikia wenzangu wakilalamika kwamba vikao hivi vinakula muda, na ni kweli vinakula, muhula mzima na zaidi. Mimi nilikuwepo siku ile, na siwezi tena kukubaliana nao.

Mtaala ukarudishwa idarani: lugha ya alama iingizwe kwa ushirikiano na Elimu, utangulizi wa mfumo wa sheria ufundishwe na Kitivo cha Sheria, na orodha ya vitabu ipangwe upya pamoja na maktaba.

Kazi ngumu ilikuja hapo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Huwezi kuongeza tu. Kozi mbili zikiingia, mbili zinatoka, na kila kozi ina mwenyewe. Tulizunguka mezani tukitazamana, kila mmoja akieleza kwa nini yake haiguswi. Mwishowe mzee wetu mmoja, aliyekuwa amefundisha kozi ya historia ya tafsiri tangu wengine wetu tukiwa wanafunzi wake, akasema yake ifanywe mada mbili ndani ya kozi ya utangulizi. "Historia watasoma," alisema. "Kiziwi ndiye asiyeweza kungoja." Nilimwambia, "Mzee, hatukukuomba hivyo." Akanijibu nisilete maneno, niandike. Baada ya hapo kozi ya pili ilipatikana bila kelele.

Kamati iliupitisha kikao kilichofuata. Seneti haikuchukua hata robo saa. Mjumbe mmoja aliuliza kama Sheria wameshirikishwa, Mkuu wa Kitivo chao akajibu mwenyewe kabla yangu kwamba kozi ile ni yao na mwalimu yupo. TCU nao walileta maoni yao kuhusu mafunzo kwa vitendo na jinsi ya kumpima mkalimani, tukayajibu, na ithibati ikatoka.

Yule binti alikuwa ameshahitimu. Nilitafuta namba yake kwa rafiki zake nikamwandikia kwamba tunaanza kudahili, na kwamba lugha ya alama imo, kozi ya lazima. Jibu lilikuja jioni ileile: "Shikamoo mwalimu. Nimefurahi sana, Mungu awabariki. Lakini mwalimu wa alama ni yule mmoja tu? Akienda kusoma, nani atafundisha?"

Swali lake nililibeba kama lilivyo nikaenda nalo kikao cha idara kilichofuata. Tukaandika barua ya kuomba nafasi ya ajira ya mhadhiri msaidizi wa lugha ya alama, na barua hiyo nayo ikaanza safari yake ya ngazi kwa ngazi.