Chai ya alasiri ya Kiingereza nyumbani kwangu: kumbukumbu ya wiki nne

Wiki nne kabla

Nimeshatangaza mbele ya jirani, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Huu ni mwaka wa sita naishi Plymouth, huku Uingereza, chai za alasiri nimealikwa nyingi, na kila mara narudi nyumbani najiona mdeni. Safari hii wanakuja kwangu: watu sita, Jumapili, saa kumi jioni. Nimeamua iwe ya Kiingereza tupu, bila sambusa wala kachori. Si kwamba naona haya. Nataka tu kuona kama mkono wangu unaiweza kazi yao.

Kwanza niweke jambo moja sawa, maana shangazi yangu wa Leicester ameshaanza kuwaambia watu kwamba naandaa "high tea". Hapana. High tea kilikuwa chakula cha jioni cha wafanyakazi: mtu katoka kiwandani au mgodini na njaa yake, anakaa mezani anapewa nyama, mkate, jibini, na chai ya kushushia. Chai ya alasiri ilikuwa ya wakubwa. Inasimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Anna Russell, Duchess wa Bedford (yaani mke wa mwinyi mkubwa wa Kiingereza), kwenye miaka ya 1840 kwenye jumba lao la Woburn, kwa kuwa chakula cha usiku cha matajiri kilikuwa kimesogezwa hadi kama saa mbili usiku, na tumbo lake halikuweza kungoja. Ndiyo maana kila kitu ni kidogo kidogo. Ni cha kutulizia njaa tu.

Shangazi nimemweleza kwa simu. Akasema, "Sawa, lakini watu watashiba?"

Wiki tatu kabla: skonzi

Neno lenyewe ndilo lililonidanganya. Kwetu Tanga skonzi ni mkate mdogo laini wa hamira, ukiumega unavutika. Ya huku haina hamira hata chembe. Ni unga wa ngano uliokwisha tiwa beking pauda gramu 225, siagi gramu 55, sukari gramu 25, maziwa mililita 150, basi. Mara ya kwanza niliukanda kama wa maandazi, dakika kumi nzima, jasho linanitoka. Oveni ikanirudishia mawe. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu aliyezaliwa Cornwall, mkoa jirani, alichukua moja, akaigonga mezani, akasikiliza mlio wake, akairudisha kwenye sahani bila kusema neno.

Kosa lilikuwa langu la kupenda kukanda. Unga wa ngano ukikandwa unajenga mnato, na mnato ndio tunaoutafuta kwenye chapati; hapa unaharibu. Siagi iwe ya baridi, uifikiche kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na chenga za mkate, na maziwa yakishaingia koroga kwa kisu, kisha donge ulikusanye harakaharaka. Usilisukume likawa jembamba: unene wa sentimita mbili na nusu. Kikatio nacho kibonyeze moja kwa moja hadi chini, usikizungushe, kwa sababu kukizungusha kunaziba kingo na skonzi inainuka upande mmoja tu, kama kofia iliyovaliwa kishongo. Oveni nyuzi 220, dakika 12 hadi 15.

Jaribio la nne zilipanda vizuri na kupasuka ubavuni, palepale mtu anapozifungulia kwa mkono. Nikampelekea bibi mbili. Hakugonga.

Wiki mbili kabla: krimu

Ile krimu nzito inayoliwa na skonzi, clotted cream, ni ndugu wa malai yetu. Ya Cornwall jina lake lililindwa kisheria Ulaya mwaka 1998, na mafuta yake hayatakiwi kupungua asilimia 55. Dukani ipo, bei si mbaya, lakini nikajifanya fundi: krimu ya asilimia 48 kwenye bakuli pana, oveni nyuzi 80 usiku kucha, kisha friji. Oveni yangu ya nyumba ya kupanga haijui nyuzi 80. Asubuhi nilikuta ngozi ya kahawia juu na maji chini. Sirudii. Nimenunua kopo.

Lililobaki ni ugomvi wa mto. Plymouth iko mkoa wa Devon, na ng'ambo ya mto Tamar ni Cornwall. Watu wa Devon wanapaka krimu kwanza, jamu juu. Watu wa Cornwall wanaanza na jamu. Nilidhani ni utani mpaka nilipoona mtu mzima ananyamaza kwa hasira kisa skonzi. Nitaweka mabakuli mawili na kila mtu ajipakie.

Wiki moja kabla: vyombo na majani

Vikombe na visahani nimevipata duka la mitumba la hisani, hakuna viwili vinavyofanana. Plymouth ina haki ya kuringia vikombe, kwani hapa ndipo William Cookworthy alipopata hataza mwaka 1768 ya kutengeneza kauri ngumu kwa udongo wa Cornwall. Vyangu havina ukoo huo. Nimepata pia kinara cha sahani tatu: sandwichi chini, skonzi katikati, keki juu, na unakula ukipanda.

Majani nimechagua ya Kenya, ambayo yamo kwenye maboksi mengi ya chai hapa Uingereza hata kama sura ya boksi haisemi. Yamekatwa vipande vidogo sana kwa mashine, yanatoa rangi upesi. Ile kanuni ya kijiko kimoja kwa kila mtu na kimoja cha buli iliniletea chai ya kukwaruza ulimi. Nimetoa kile cha buli, na dakika tatu zinatosha.

Jumapili yenyewe

Saa nne asubuhi, keki ya Victoria. Mayai manne nimeyapima na maganda yake, gramu 238. Siagi, sukari na unga uzito uleule. Jamu ya rasiberi katikati, sukari kidogo juu.

Saa nane, matango. Unayamenya, unayakata membamba ya kuonyesha mwanga, unayatia chumvi dakika ishirini, unayakausha kwa kitambaa. Siagi ifike ukingoni kabisa mwa mkate, maana ndiyo inayozuia maji yasiingie. Ganda la mkate linakatwa mwisho. Nilikata mapema, kona zikaanza kukauka, nikazifunika kwa kitambaa kibichi.

Saa tisa na dakika arobaini, skonzi ndani ya oveni. Wageni wakaja saa kumi kamili, wote, hata shangazi.

Aibu ilitoka kwa buli. Mdomo wake ni mbovu: kila nikimimina, chai inateleza chini ya mdomo na kudondokea kitambaa cheupe. Bibi akachota siagi kwa ncha ya kisu, akaipaka chini ya mdomo wa buli, akanirudishia. Halikudondosha tena. Kisha akapaka jamu kwanza, polepole, akiwatazama watu wa Devon.

Sandwichi ziliisha zote, keki ikabaki robo. Saa kumi na mbili kasorobo shangazi akanivuta jikoni. "Haya mwanangu, na chakula chenyewe kinaiva saa ngapi?"

Nikacheka, halafu nikamkumbuka Duchess. Hata yeye alikuwa na chakula cha usiku kinamngoja. Nikatoa mchele kabatini, na kabla sijawasha jiko bibi akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna cha watu wangapi.