Kutoka Bignor hadi Halnaker kwa njia ya Warumi

Stane Street, barabara ya Warumi wa kale, ilitoka London hadi Chichester, karibu kilomita 91, na siku hizi sehemu kubwa imelala chini ya lami. Mimi nilitaka kipande ambacho magari hayajakimeza, basi jana nikaenda Bignor, kijiji cha Sussex, kusini mwa Uingereza.

Kwanza nilipitia jumba la Kirumi ambalo mkulima George Tupper alilifichua mwaka 1811, plau yake ilipogonga jiwe. Sakafuni kuna picha ya vijiwe vya rangi: Majira ya Baridi katika umbo la mtu, kajifunika kofia ya joho hadi usoni, na tawi kavu. Fundi yule alikuwa ameionja baridi ya hapa, nakuapia.

Watu husema barabara za Warumi hazina kona. Si kweli, hapo Bignor inapanda kilima kimshazari, maana mkokoteni haukwei ukuta. Juu kuna kibao cha mbao: Londinium huku, Noviomagus kule, yaani Chichester. Kisha ndipo inaponyooka kuelekea shamba la Gumber, ikiwa tuta refu la nyasi, kondoo wakilisha kando. Pale sungura walipochimba, matumbo ya barabara yako nje: chaki nyeupe na gumegume, lile jiwe la kijivu lenye makali kama chupa iliyopasuka.

Njia nzima niliwaza jambo moja. Hii ni barabara ya mtawala. Warumi walivamia mwaka 43, wakajenga ili askari na mizigo yao wafike upesi. Lakini mzee mmoja niliyekutana naye na mbwa wake alinisimulia habari za barabara hii kwa fahari, utadhani babu zake ndio walioiagiza. Sisi reli ya Mombasa, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901, bado tunaitaja kwa uchungu, na tuna haki. Labda Waingereza wanastarehe kwa kuwa hakuna tena Mrumi wa kudaiwa.

Halnaker, ambako miti imepindana juu ya njia ikawa kama handaki, kulijaa watu wa kupiga picha. Pazuri, sikatai, ila Gumber ndiko kwenye barabara yenyewe. Ukienda, vaa viatu vyenye meno: chaki ikilowa inateleza vibaya.