Kioo, chupa na kaskazi: nilivyoacha kufukia mbegu bure Newala

"Mvua ya kwanza ikigusa tu, panda." Ushauri huo ulinilia debe na ushee la karanga za mbegu. Wanaoutoa wana mashamba bondeni, au wanahesabu vuli na masika ya Dar es Salaam na Tanga. Huku juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, msimu ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na unafunguliwa na upepo wa mbali.

Desemba jua la utosi liko kusini. Nchi kavu ya kusini mwa Afrika inapata moto, hewa yake inapanda, na kaskazi inavutwa kutoka Uarabuni hadi ng'ambo ya ikweta. Ikivuka, mzunguko wa dunia unaipindisha, hivyo kwetu inaingia kwa kaskazini-magharibi. Inapopambana na hewa ya kusi ndipo mvua ya kweli inamwagika, na uwanda huu wa zaidi ya mita 700 unaisukuma hewa juu zaidi. Mvua za maleleji, kabla kaskazi haijashika, ni ngurumo za alasiri moja: kwako matope, kwa jirani vumbi.

Ili niijue kaskazi ikifika, nilianza na bendera, mfuko wa salfa juu ya mlingoti ukingoni mwa uwanda. Upuuzi mtupu! Mchana ulipepea kutoka bonde la Ruvuma, usiku ukageuka kuelekea bondeni. Mteremko ukipata joto hewa hupanda, ukipoa huteremka. Bendera ilinisomea mteremko wangu tu.

Dawa ikawa kioo cha kunyolea. Nakilaza chini saa tatu asubuhi, nakipanga kwa dira ya simu, katikati nimetia nukta ya wino. Nainama, naliweka pembe la wingu juu ya nukta, kisha kichwa hakitikisiki hata inzi akitua puani. Wingu likitoka nje ya kioo kwa ukingo wa kusini-mashariki, upepo umetoka kaskazini-magharibi. Wiki nzima niliandika kinyume, kusi ikawa kaskazi, kwa kusahau kwamba upepo huitwa kwa unakotoka. Na usifuate vile vipande vya chini. Subiri mawingu ya kati, ndiyo yanayobebwa na upepo mkubwa.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu nimeikata shingo na kuipindua iwe faneli. Mdomo wa sentimita 9 una eneo la sentimita za mraba 64 hivi, kwa hiyo mililita 6.4 kwenye bomba la sindano ni milimita moja ya mvua. Usiisome kwa rula, kitako cha chupa kina mabonde. Mafuta kidogo ya kula juu ya maji yanapunguza kukauka. Mkorosho uwe mbali mara mbili ya urefu wake.

Sasa napanda zikitimia milimita 25 ndani ya siku tatu na kioo kimesema kaskazini-magharibi. Kichanga chetu hapo kimelowa sentimita 20 hivi, chimba uone.

Mwishoni mwa Januari au Februari mkanda wa mvua, pale kaskazi inapopambana na kusi, ukisogea Msumbiji, huku kunakauka. Kimbunga kikikaa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji nacho kinaweza kujivutia hewa yote yenye maji. Siku hizo mbolea ya kukuzia naiacha ndani ya mfuko.