Wakili mnene, baiskeli na pumzi: uzoefu wangu hapa Tanga

Watu wakikuona mnene wanajua tayari hufanyi mazoezi, na kwenye kazi yetu ya uwakili wanaenda mbali zaidi, wanadhani hata akili imelala. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi nilikua naandika hoja mimi, usiku mzima, afu asubuhi anapelekwa kijana mwembamba kusimama nazo Mahakama Kuu. Nikamuuliza bosi, akanijibu "dada, mteja anapenda kuona wakili mchangamfu". Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7, kuna rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, uzito haumo. Michigan kule Marekani wameuweka kwenye sheria yao ya ubaguzi tangu 1976, jiji la New York wakauweka 2023. Sisi bado. Nikaondoka pale.

Na ushauri sasa! Acha ugali, kunywa maji ya limau, nenda jimu alfajiri. Hii ya jimu ndo iliniudhi kuliko zote. Kanuni za 2018 za kupeleka nyaraka mahakamani kwa mtandao zilisema ukituma kabla ya saa sita usiku inahesabika siku hiyohiyo, basi ofisini kazi inasukumwa mpaka saa tano na nusu maana wote wanajua muda bado upo, sasa mtu alale saa saba aamke saa kumi na moja kwenda kunyanyua vyuma? Nilienda hivyohivyo, nikalipa mwezi mzima, elfu hamsini na kitu. Mwalimu hajaniuliza nimewahi kucheza nini, na mimi nimecheza netiboli shule miaka yote, GA, yaani mshambuliaji, niulizeni nilikua nafunga vipi. Kaniweka pembeni kwenye mashine ya kutembea, "mama wewe usijichoshe", na kila nikiingia lazima nipande mizani afu anasoma kilo kwa sauti wenzangu wote wasikie. Siku aliyomwita mwenzie aje aangalie hiyo namba nilichukua begi langu nikatoka na pesa sikudai.

Nikanunua baiskeli. Mtumba wa Kijapani ile yenye kikapu mbele, laki na nusu hivi mpaka mbili, inategemea unavyoongea. Tanga yetu ni tambarare, na mama zetu wanaendesha toka zamani na kanga zao, hakuna wa kukushangaa. Toka Makorora mpaka mjini sitoki hata jasho la maana. Joho, ukosi mweupe na viatu vya mahakamani vinakaa ofisini, mafaili yanaingia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kikapu.

Ila utamu wenyewe ni jioni. Saa kumi na mbili, kabla sijarudi kumalizia nyaraka, naenda Raskazone ufukweni na kurudi, na njia nzima namdodosa shahidi wa kesho, yaani najaribu maswali nitakayombana nayo mahakamani. Naongea kwa sauti kabisa, "shahidi, huo mpaka wa shamba ulioneshwa na nani?", najijibu, nabadilisha swali, upepo wa bahari unapiga, nikifika ofisini maswali yamekaa sawa na usingizi umekata. Kuna mzee nilimbana shahidi wake siku moja, akaniuliza wakili msomi haya maswali unayatoa wapi, nikacheka tu. Wateja wa kesi za ardhi nao wanajua kuongea kwenye simu, basi wakipiga nasimama nazunguka kibarazani mpaka wamalize.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mwongozo wao wa 2020 hata vipande vifupi vinahesabika, kwa hiyo asikutishe mtu na saa nzima ya jimu. Mizani imesogea kidogo tu, nguo ni zilezile. Lakini presha imekaa vizuri na nasimama kudodosa asubuhi nzima sauti haikatiki, wakati wale wembamba wanaoitwa "wachangamfu" wanaomba ahirisho la dakika kumi wakakae!

Kiti badilisheni mapema jamani, hivyo vya mtumba vyembamba vinaumiza. Tafuta kipana chenye springi, mafundi wa Ngamiani wanakufungia palepale, na breki ya nyuma ikaze kabla ya masika.