Wiketi ya 69 pale Nagpur

Treni ya Pune kwenda Nagpur hutembea usiku kucha. Manmad, Bhusawal na Akola zote zilinipita nikiwa nimejilaza kitanda cha juu, feni ikinivumia usoni, na usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza hesabu moja tu. Harsh Dubey, kijana wa miaka 22 wa timu ya Vidarbha, alikuwa ameingia fainali ya Ranji Trophy akiwa na wiketi 66 za msimu wa 2024-25, yaani wapigaji 66 wametolewa kwa mikono yake. Rekodi ya msimu mmoja ilikuwa 68.

Ranji ni mashindano ya kriketi ya majimbo ya India, yalianza mwaka 1934. Mechi za makundi huchukua siku nne, fainali siku tano. Si mchezo wa usiku mmoja wenye fataki na muziki kama IPL, ligi ya India ya mechi fupi. Hapa mrushaji anarudia kazi ileile asubuhi hadi jioni, na anayevunja rekodi amekwishatoka jasho tangu Oktoba.

Nagpur nilianza na poha, mchele uliopondwapondwa, uliomwagiwa mchuzi mkali wa dengu uitwao tarri. Nilikula nimesimama kando ya barabara, machozi yananilengalenga, nikaongeza sahani ya pili. Kisha metro hadi Khapri, na bajaji mpaka uwanja wa Jamtha, nje kabisa ya mji, kando ya barabara ya Wardha.

Ilikuwa Ijumaa, Februari 28, siku ya tatu ya mechi. Viti vingi vilikuwa vitupu, jambo lililoniuma. Kila timu hupiga mara mbili, na kila zamu ni raundi. Katika raundi ya kwanza Vidarbha walikuwa wamemaliza na mikimbio 379, yaani pointi zao, baada ya kuanza vibaya kwa 24 huku watatu wametoka, hadi Danish Malewar alipowaokoa kwa 153. Sasa Kerala, waliofika fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao, walikuwa wanapiga, wakiifukuzia 379 hiyo.

Nilikaa karibu na mzee mmoja wa Nagpur aliyekuja na chupa ya chai na kitambaa cha kujifunika kichwa.

"Mwangalie kidole chake, mwanangu," aliniambia. "Usiuangalie mpira."

Nikatazama. Harsh anakuja kwa hatua chache tu, taratibu, mkono wa kushoto unapanda juu, kidole cha shahada kinausokota mpira. Unatua, unachepuka kidogo, mpigaji anauzuia. Tena. Tena. Zinapita ova nzima, yaani mirusho sita sita, hakuna kinachotokea, na bado huwezi kuondoa macho.

Aditya Sarwate, aliyekuwa mchezaji wa Vidarbha kabla ya kuhamia Kerala, alifikisha 79 ndipo Harsh akamtoa. Salman Nizar naye akafuata: wiketi ya 68, rekodi imefikiwa. Nahodha Sachin Baby alifika 98, akaupiga juu mpira wa mrushaji mwingine akitafuta mia yake, Karun Nair wa Vidarbha akaudaka. Nilimhurumia kwa dhati. Kisha M. D. Nidheesh akanaswa na Harsh, na hiyo ndiyo ikawa ya 69. Wenzake walimkumbatia, mzee akasimama akapiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka.

Kerala walitolewa kwa 342, pungufu kwa 37. Mechi ilipoisha sare Jumapili, tofauti hiyo ya raundi ya kwanza ndiyo iliyowapa Vidarbha kombe lao la tatu.

Mzee alinihesabia waliotangulia. Bishan Singh Bedi, wiketi 64 msimu wa 1974-75, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka arobaini. Ashutosh Aman wa Bihar, 68 msimu wa 2018-19. Wote ni warushaji wa taratibu wa mkono wa kushoto, na sasa Harsh. Ila Aman alizipata katika kundi la timu changa zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia au kurejea Ranji, ilhali Harsh alipita kwa vigogo, wakiwemo Mumbai waliokuwa mabingwa watetezi, aliowatolea watano katika raundi ya pili ya nusu fainali. Kwangu mimi 69 hizi zina uzito zaidi kuliko tofauti ya wiketi moja inavyoonyesha. Na juu yake alifunga mikimbio 476 kwa gongo. Walipomtangaza mchezaji bora wa mashindano, hakuna hata mmoja pale Jamtha aliyeuliza kwa nini.