Nilivyopata amilesi inayostahimili joto

Nilitaka amilesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi) kinachovunja wanga, isiyoharibiwa na joto, kwa kubadili jeni yake kwa kubahatisha. Kila niliyemwomba ushauri aliniambia neno lilelile: ongeza madini ya manganizi. Hoja yao ni kwamba Taq, kimeng'enya kinachonakili jeni katika PCR (njia ya kuzidisha DNA maabara), hukosea zaidi ikiwekewa manganizi, na makosa yakizidi ndipo bahati inapozidi. Nikafuata. Nikapandikiza jeni hizo kwenye bakteria E. koli, nikamwagia ayodini sahani za wanga: buluu tupu, yaani wanga haujaliwa! Amilesi karibu zote zilikuwa zimekufa.

Ushauri huo umewapotezea wengi muda na unaniudhi mpaka leo. Mabadiliko ya kubahatisha huharibu mara nyingi kuliko yanavyojenga, kwa hiyo yarundike kwenye jeni moja uone. Ridhika na asidi amino (viungo vya protini) moja au mbili zilizobadilika, chagua kilicho bora, uanze raundi nyingine juu yake. Hivyo ndivyo mwanasayansi Frances Arnold alivyoipandisha subtilisini E, kimeng'enya kinachovunja protini, hatua kwa hatua. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walitangaza aina yenye nguvu mara 256 kuliko ya asili ndani ya asilimia 60 ya kiyeyushi kiitwacho dimethilifomamidi. Nobel ikafuata 2018.

Kazi yenyewe ni kuchuja. Ukipasha moto sahani ya wanga unadanganyika, maana wanga umeshaliwa usiku kucha kabla ya joto. Mimi nilibandika karatasi ya kuchujia juu ya koloni (vishada vya bakteria), nikaitoboa pamoja na agari, jeli wanamoota, kwa sindano, matundu matatu yasiyolingana nafasi, kisha nikaibandua polepole. Sahani mama ikaingia friji. Karatasi ikaingia oveni kwa nyuzi 70, nusu saa, ndani ya kisanduku chenye kitambaa kibichi isije ikakauka. Bakteria wanakufa, na wafe. Kinachotafutwa ni kimeng'enya kilichovuja na kusalimika. Baadaye karatasi hiyohiyo nikailaza juu ya wanga mpya, nikaiondoa, nikamwaga ayodini.

Duara moja jeupe! Nikalinganisha matundu, nikaenda moja kwa moja kwa koloni yake. Karatasi zenyewe ni bei ya chai na chapati.

Usishangilie bado, kwani huenda koloni imetengeneza tu kimeng'enya kingi. Pima nguvu kabla ya joto na baada yake, ugawe ya baada kwa ya kabla. Yangu ilibakiza zaidi ya nusu; ya asili ilikuwa imekwisha kabisa.