Alijibu "Hapana" kwa Swali Nisiloliuliza Vizuri

Mteja ninayemsimulia hapa, ambaye nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike, ni dereva wa lori aliyekuja na bahasha ya vipimo vya moyo visivyoonyesha ugonjwa wowote, akilalamika kwamba kifua kinambana na usingizi humkatika saa nane za usiku. Ajali iliyomuua utingo wake miezi mitano nyuma aliitaja akiwa ameshashika kitasa cha mlango.

Kikao kilichofuata nilimsomea hojaji ya PCL-5, inayopima dalili za kiwewe, yaani athari za akili zinazobaki baada ya tukio la kutisha, yenye maswali 20 yanayopewa alama 0 hadi 4 kila moja. Nilipomuuliza kama huhisi tukio lile linatokea tena, alinitazama kwa mshangao. "Hapana, dada. Ajali ilikuwa moja tu." Jumla yake haikufika 31, alama ambayo kwa kawaida ndiyo humfanya mshauri achunguze zaidi, nami nikaandika kwenye faili: wasiwasi, unywaji wa pombe.

Kikao cha tatu alikigeuza kiti ili auone mlango. Gari likafunga breki ghafla barabarani, naye akashika mkono wa kiti kwa nguvu, jasho likimtoka.

"Umeona nini sasa hivi?"

"Taa za lile lori."

"Huziona mara ngapi?"

"Kila breki zikilia."

Ili kiitwe kiwewe, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, unataka dalili za makundi manne, yaani kurudiwa na tukio, kuliepuka, fikra na hisia kubadilika, na mwili kukaa chonjo, zidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha. Zote alikuwa nazo, isipokuwa mimi nilizitawanya: pombe, aliyokunywa ili alale bila kuota, niliiita ulevi, na kukataa kwake safari za usiku nikakuona kuwa uchovu wa kazi. (Siku hizi kila huzuni inaitwa kiwewe, jambo linalonikera, na huenda kero hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mzito wa kukiona hapa.)

Tuliirudia hojaji kwa maneno yake mwenyewe, taa na breki. Jumla ilivuka 31 kwa mbali, lakini kwenye swali la kujilaumu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba kwanza niandike jina la utingo wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.